Nyongo Ikipasuka, Sema

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, ule mwaka ambao umeme wa Johannesburg ulikuwa ukikatwa kila mara, nilipanda ngazi za ghorofa saba katika jengo moja pale Joubert Park nikiwa nimebeba kanga wawili waliokufa. Ndege, mwanangu, si nguo. Nasema hivyo kwa sababu hata Furaha, nilipomwahidi kwamba nitamletea baba yake kanga, alidhani ni za kuvaa. Mimi ni fundi cherehani, angedhani nini kingine?

Nilikuwa na miaka arobaini na minne, nimefiwa na mke. Usicheke. Mapenzi ya pili humrudisha mtu ujanani, na kiburi cha ujana nilikuwa nacho chote. Furaha alikuwa msusi, naye amefiwa na mume, akiishi na baba yake, Mzee Sadoki, mwindaji wa zamani kutoka milima ya Fizi, kule Kongo. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu hata hatofautishi uso na ukuta. Mara mbili nilikwenda kuposa, mara mbili akanirudisha. Mara ya tatu akaniambia kuwa tangu aondoke kwao hajala kanga. Nimletee wa porini, nimsafishe na kumpika kwa mikono yangu mwenyewe, naye awe papo hapo. Nikiweza, nilete wazee wangu. Nikishindwa, nisigonge tena mlango ule. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikainama.

Ndugu yetu mmoja wa kanisani alikuwa mlinzi kwenye shamba nje ya mji, na mwenye shamba aliwinda kanga kila msimu wa baridi. Akakubali niende nao. Sitakudanganya, bunduki sikuishika. Kazi yangu ilikuwa kukimbia ndani ya mabua ya mahindi nikiwafukuza ndege warukie upande wake, na huko nikachana suruali niliyoishona mwenyewe. Lakini nilirudi mjini na wangu wawili, kifua mbele, mtaa wangu wa Troyeville wote ningeupigia tarumbeta.

Furaha alikuwa saluni kule Hillbrow, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa jiko, blanketi magotini. Nilianza vizuri. Maji niliyachemsha kwa gesi, nikayaacha yapoe kidogo, maana yakiwa yanatokota huivisha ngozi, na manyoya hutoka nayo. Nikanyonyoa. Nikawababua juu ya moto kuondoa vinyweleo, nikapapasa nyama kwa kidole nikitafuta vijirisasi. Muda wote huo naimba pambio la kwaya yetu, sauti nzito, nikitaka mzee asikie kuwa jikoni kuna mwanamume anayejua anachofanya. Kanga wa kwanza nikampasua, nikamtoa matumbo, safi kabisa. Kwa wa pili nikaringa. Niliweka kisu chini nikachukua mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikijisemea kuwa mkono uliozoea hariri hautashindwa na ini la ndege. Ncha ikatoboa nyongo.

Nyongo ni kitu kidogo, mwanangu, kama punje ya haragwe, lakini ikimwagika huharibu kila inachogusa. Ule ukijani ukatambaa kwenye ini, ukashuka mpaka kifuani. Eish. Nikamtazama mzee, naye kaelekeza uso dirishani. Nikafungua bomba, nikasugua nyama kwa limau na chumvi, nikaionja kwa ncha ya ulimi. Chungu. Nikawaza kuwa nikiichanganya na ya yule wa kwanza, nikaongeza tangawizi na pilipili, nani atajua? Mkono ulikuwa tayari umebeba kile kifua kuelekea sufuriani.

"Fundi," mzee akasema, "mbona wimbo umekatika?"

Nilisimama na nyama mkononi. Ningeweza kusema nimesahau maneno ya pambio, uongo ulishafika kwenye meno. Lakini nikamfikiria Furaha akirudi amechoka, akae mezani kula uchungu niliouficha kwa makusudi, nikaona aibu.

"Nyongo imepasuka, Mzee. Nilitumia mkasi."

"Imeingia sufuriani?"

"Bado."

"Basi nyama bado ni yetu."

Akainuka, akashika ukuta mpaka kwenye sinki, akanielekeza. Nisisugue, maana kusugua ni kueneza. Nitupe ini lote, nikate kila penye kijani na pembeni yake kidogo, ndipo nioshe. Tulipoteza ini na kipande cha kifua kama kiganja. Kilichobaki kilikuwa kitamu. Halafu akanifunza, taratibu, mkono wake begani kwangu. Akasema hakuna mwindaji ambaye hajapasua nyongo, na yeye alizopasua ni nyingi kuliko meno aliyobakiwa nayo.

"Mume wa Furaha alikuwa mtu mwema," akasema. "Aliugua, akatuficha ili tusihangaike. Tulipojua, daktari hakuwa na la kufanya. Sitafuti mkwe asiyekosea. Natafuta anayesema mapema."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo niliisikia tangu mdogo, lakini siku ile ndipo iliponiingia.

Tukapika. Kanga si kuku wa dukani, ana misuli ya kukimbia, kwa hiyo nilimchemsha saa tatu nzima kwa tangawizi, vitunguu na uvumilivu, kisha nikamuunga kwa nyanya na karanga za kusaga. Harufu ikatoka mpaka kwenye korido. Bibi mmoja Mzulu, jirani wa mlango wa pili, akaja kuuliza kulikoni, akaondoka na bakuli. Furaha aliporudi, nywele za wateja zimemganda kwenye sweta, nilimweleza habari ya nyongo kabla hata hajakaa. Alicheka mpaka akashika meza.

Tukala na ugali. Mzee akang'ata paja, akaacha kutafuna, akatema kijirisasi kwenye sahani kikalia ti. Akacheka kwa sauti, mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, akasema huyu kweli ni wa porini. Kisha akamgeukia binti yake: "Mwambie mwenzako alete wazee wake Jumapili."

Ghorofa saba zile nilizishuka sijui kwa miguu ya nani. Nilikuwa nimeshinda, mwanangu, na nilishinda kwa lile lile kosa nililotaka kulizika.

Basi sikia. Utaharibu vitu maishani: kazi ya watu, neno ulilotoa, afya yako, pengine hata ndoa yako. Usiongeze chumvi wala pilipili juu ya kilichoharibika. Kitaje kingali mkononi, kabla hakijaingia sufuriani. Nyongo iliyotajwa mapema hula ini peke yake, iliyofichwa hula chungu kizima na wote waliokizunguka. Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, usimpigie kelele aliyesema. Inuka, umsaidie kukata.

Mungu akubarikie mikono yako isikosee sana. Siku ikikosea, akupe mdomo mwepesi wa kukiri, na akupe nyumba ambayo ukisema kweli ndani yake, unavutiwa kiti ukae, ule.