Redio Iliyosikiliza Kutoka Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kusimamia redio pale Iringa mjini, sikugusa mtambo wowote. Mkuu wa Kituo alinivisha visikizio, akanipa daftari na kusema, "Leo wewe huna mdomo. Sikiliza, uandike nani anaongea kwenye masafa gani." Masafa ndiyo njia ambayo kila redio hupitishia sauti yake hewani; wawili wakiingia njia moja kwa wakati mmoja, hasikiki hata mmoja. Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Nilidhani ananionea, na kwa kweli alikuwa ananionea kidogo, lakini ndivyo fundi wa masafa alivyofundwa enzi zetu.

Kwa miaka mingi sheria ilikuwa moja: kila mwenye redio na njia yake, aitumie asiitumie. Polisi na yao, zahanati na yake, wenye malori na yao. Njia zikaisha. Waliokuwa nazo waliongea dakika chache kwa siku, na wasio nazo walisubiri kibali hadi wakazeeka.

Nilipohamishiwa Mbeya nilikuwa nakaribia kustaafu. Mhandisi wa Kanda, mama mmoja mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, alinionyesha redio ya aina mpya. Hii huanza kwa kusikiliza. Ikikuta njia ya mtu iko kimya, inaiazima. Mwenyewe akirudi, inahama papo hapo bila kuambiwa.

"Inafanya kazi yako, mzee wangu," alisema, "ila yenyewe haichoki."

Niliona wivu, sitaki kudanganya.

Ya majaribio tuliipeleka Madibira, kwenye skimu ya mpunga, ili ofisi ya wakulima ipate intaneti kwa kuazima njia ya simu ya upepo, ile redio ya kuitana, ya zahanati iliyokuwa ng'ambo ya kilima. Mwenyekiti wa wakulima hakuhitaji darasa refu.

"Hii si ndo zamu ya maji? Mwenzako kama hamwagilii, unafungulia kwako. Akija, unafunga. Ila sisi tunapandaga kwanza juu ya tuta, tunaangalia shamba lake. Huwezi sema mtu hayupo na wewe umekaa tu kwako."

Nikacheka, nikamwambia mashine yangu ina masikio kumshinda yeye. Antena ya kusikilizia ilitakiwa kuwekwa kilimani. Magoti yalikuwa yananiuma na wingu la mvua lilikuwa limetanda, basi nikaifunga juu ya paa la ghala, hukohuko bondeni. Taa ikawaka kijani, maana yake njia iko kimya. Wakulima wakanipongeza, wakanipakulia wali.

Kesho yake saa nne asubuhi bodaboda ilikuja mbio, na nyuma yake nesi wa zahanati ile. Hakusalimia.

"Baba, ni nyie mmewasha mashine? Simu yetu inavuma tu tangu jana jioni! Nina mama kajifungua, damu haikati. Kule simu za mkononi hazishiki. Naita ambulensi, hospitali hawanisikii!"

Nilielewa kabla hajamaliza. Kilima kilikuwa katikati. Zahanati ilikuwa inaita, redio yangu bondeni haikuisikia, ikaamini njia haina mwenyewe, ikaendelea kurusha kwa nguvu kubwa kuliko ya zahanati, ikaifunika sauti ya nesi. Niliung'oa waya wa umeme kwa mkono, tukaondoka mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja. Njia nzima nilikuwa naomba.

Zahanatini nesi aliita mara moja tu, akajibiwa. Ambulensi ikaja, ikamchukua mama na kichanga chake. Nilikaa karibu na ile simu ya upepo. Alasiri simu ikakwaruza, kisha mtu wa hospitali akasema, "Damu imekata. Mama mzima, mtoto mzima." Nesi alicheka. Mimi nililia mbele yake bila aibu, nikamshukuru Mungu kwa Kihehe, maana Kiswahili hakikunitosha.

Niliandika ripoti nikijua nitafukuzwa. Mhandisi wa Kanda aliisoma taratibu.

"Na magoti umeyaandika?"

"Nimeyaandika, mama."

"Vizuri. Mficha uchi hazai. Ungeniandikia mashine ni mbovu, tungeirudisha na kosa lingebaki. Sasa nenda, antena ipande kilimani. Wewe usipande, simamia."

Tukaweka mbili, ya bondeni na ya kilimani, na redio haikuruhusiwa kurusha mpaka zote mbili zikubaliane kwamba njia iko kimya. Tukaenda pia kumuuliza nesi kama anasikika. Hilo halikuwa kwenye kitabu cha mtambo.

Sasa nimestaafu, niko Iringa. Vijana mnaofunga redio hizi mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na nawafurahia. Ila kimya unachokisikia ni cha pale uliposimama tu. Kwa mwenzako huenda kuna mtu anaita. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Siku nyingine naikumbuka. Lakini zaidi nakumbuka kwamba ningeweza kustaafu na damu ya mama wa watu mikononi, kwa sababu ya magoti na wingu la mvua. Sikustaafu nayo. Nalala fofofo.