Kukaa Kabla ya Safari

Jirani yangu Venedikt, mwandishi wa riwaya, alikuwa Mrusi mkimbizi kama mimi, hapa Paris. Riwaya yake ilikwama pale kijana, mhusika wake mkuu, anapoiaga nyumba. Kila alichoandika alikichana.

"Hongera baba, kuni za jiko tumepata," mkewe Glafira alimtania.

"Cheka tu. Kumtoa kijana huyu mlangoni siwezi."

Glafira akaacha kucheka. "Hata sisi, siku ile tulipokimbia Urusi, hatukukaa chini kwanza."

Kwetu Warusi msafiri hukaa chini kimya kidogo kwanza, ndipo aondoke. Basi Glafira akalivuta sanduku lao kuukuu katikati ya chumba, tukalikalia sote watatu, kimya, chai ikipoa. Venedikt alilia taratibu. Kisha akainuka, akarudi mezani, akashika kalamu, akamtoa kijana wake mlangoni.