Shemeji Aliyewacheka Njiwa Wangu

Jamani, leo nimemtoa shemeji nje ya nyumba yangu. Mtanisema, lakini nisikilizeni kwanza.

Nilitaka kupaka rangi chumbani, hapa Nkende. Kabla sijafungua kopo nikalitoa nje tenga la njiwa, harufu isije ikawaua.

Shemeji, mume wa dada yangu, akacheka. "Unahamisha ndege kama wagonjwa?"

Yeye! Yeye ndiye wa kucheka?

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa alikuja kupaka lami nguzo za nyumba ya mama, mchwa wasizile. Sisi wote tulikuwa shamba la kijiji. Akachemsha lami chini ya dirisha la chumba cha mama, moshi ukaingia ndani. Mwenyewe alisema baadaye: alichungulia, akawaona njiwa wangu wanaanguka ndani ya tenga humo chumbani.

Hakuingia kuwatoa. Kwetu Wakurya, mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Sawa, mila naiheshimu.

Lakini moto je? Ni mila gani inakataza kuzima moto?

Tuliporudi, njiwa wote wamekufa. Mama hata hakuuliza habari za moshi. Alimuuliza shemeji, "Uliingia chumbani kwangu?"

"Hapana, mama," akajibu, macho chini.

Mama akafurahi! Huyo ndiye mkwe, akasema. Akamchinjia jogoo.

Niambieni, nyie mngenyamaza?

Leo kwangu jogoo hakuna. Amekunywa chai kavu huko nje, kando ya tenga, njiwa wangu wanamtazama.