Mfarishi wa Mashati Mazima

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona hata mshono mmoja. Fuaye ya akina mama ya Mikelenge, hapa Kindu, mahali wanawake walipofundishwa ufundi wa sindano, ilisimamiwa na Masere Mkubwa, mtawa mzee aliyetuita sote watoto, hata wale wenye wajukuu. Alinipa mikasi miwili iliyofanana na kipande cha kitambaa, akaniambia nikate. Mmoja ulipita bila shida. Wa pili ulikitafuna kitambaa kama mbuzi.

“Ile ya pili walikatiaka nayo karatasi,” akasema. “Makasi ya nguo njo ya nguo tu. Nikikuona unakatia kingine, nitakurudisha kwa mama yako.”

Nilikuwa na watoto wawili wakati huo.

Vijana wanaotaka kuanza kushona mifarishi huja kuniuliza wanunue nini, na wengi hufikiri nitawatajia mashine. Mashine ni ya baadaye. Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: juu uso wa vipande vilivyounganishwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini bitana, kisha mishono inayopita zote tatu ili zisitengane. Mkasi wa nguo ndio wa kwanza. Sindano ziwe za aina mbili, fupi nyembamba za kushonea na ndefu za kupigia bandi, yaani ile mishono mirefu ya muda inayoshikilia tabaka zisihame, nawe huifumua ukimaliza. Tafuta pini, chaki, rula ya mti, uzi wa pamba, na kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, maana sindano haina huruma. Pasi ya makaa inatosha, ila ukung’ute majivu kwanza. Usisahau ndoo ya maji. Kikwembe kipya, kile wengine huita kitenge, hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu hunywea na kutoa rangi. Mwenzetu mmoja alikuwa na haraka, hakukifua, na mtoto wa watu akaamka asubuhi mashavu ya buluu. Haraka haraka haina baraka, tulimwimbia mwezi mzima.

Baada ya muda nilipelekwa Kailo kufundisha. Mkuu wa kituo kule hakujua kutunga uzi, lakini alipenda kupima. Alipita mezani na rula yake mwenyewe akipima ukingo wa mshono, ule upana unaouacha kati ya uzi na mwisho wa kitambaa.

“Ukikosa kidogo huku,” alikuwa akisema, “kule mwisho utakosa mingi.”

Wanawake walimcheka kichinichini. Hata hivyo alisema kweli. Vipande vikipishana kidogo kila safu, uso wote huenda upande, na hakuna pasi itakayounyoosha. Nilimshukuru baadaye, nikiwa mbali naye.

Vita vilinirudisha Kindu, kwa kuwa njia ya Kailo haikuwa tena ya mtu mwenye watoto. Treni iliacha kufika. Chumvi ikawa ya kulamba, na uzi ukawa kitu cha kuhadithia. Fuaye ilikuwa imepata mkuu mpya, Madamu Direktrisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye sikumwona akikimbia hata risasi zilipolia. Alituamuru tuache vitambaa vya meza, tushone mifarishi midogo ya watoto wanaozaliwa maternite, wodi ya wazazi, maana mvua zilikuwa nyingi na akina mama waliokimbia vijiji vyao walifika na nguo walizovaa tu.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu. Nyuzi tulifumua kwenye magunia. Bitana ilikuwa mifuko ya unga iliyofuliwa mpaka maandishi yakafifia. Sindano kubwa tulichonga kwa spoki za baiskeli, tukitoboa tundu kwa msumari wa moto. Pamba haikuwepo, tukajaza usufi, yale manyoya meupe ya tunda la msufi, ambayo ni mepesi na yana joto lakini ukiyafua hujikusanya pembeni. Kwa hiyo tulishona mistari ya karibu karibu ili yasipate pa kukimbilia. Mwenye usufi afanye hivyo hadi leo.

Kanuni ya Madamu Direktrisi ilikuwa moja: nguo isiyokatwa haiingii kwenye mfarishi. Kola, vifungo na mifuko hufanya vinundu, navyo vinundu huumiza mgongo wa mtoto. Nguo nzima ilifumuliwa, ikakatwa, ikawa vipande.

Ndipo akaja Mama Shabani. Alikuwa jirani yangu, mdogo kwangu kwa umri, na mara nyingi aliniita yaya, dada mkubwa. Mume wake alifanya kazi kwenye treni, alisafiri kwenda kusini kabla njia haijafungwa, na tangu hapo hakuna aliyemwona wala aliyemzika. Alifungua furushi. Ndani kulikuwa na mashati manne ya mumewe, yamepigwa pasi.

“Mama Feza,” akaniambia, “unitengenezee bulangeti ya watoto. Lakini usikate kitu.”

“Mfarishi bila kukata? Kwa nini?”

“Shemeji anasema ndugu yake amekufa. Ijumaa atakuja na wazee kuchukua nguo, wagawanye.”

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwetu nguo za mtu zikigawanywa, mtu huyo amekufa, hata kama hakuna aliyeuona mwili. Yeye angekaa eda, angekuwa mjane, na nyumba ingerudi kwa ukoo wa mume. Na kuzikata yeye mwenyewe ni vilevile. Nani hukata nguo za mtu anayemngoja?

“Si uzifiche tu?”

“Wapi? Watafungua masanduku yote. Na askari wakipita wanabeba kila nguo ya mwanaume.”

Sikuweza kuvunja kanuni bila ruhusa, nikaenda kwa mkuu wangu na furushi. Aliyatazama yale mashati, akapitisha kidole kwenye kola.

“Huyu bwana iko muzima ao amekufa?”

“Hatujui, Madamu.”

“Basi hatuna ruhusa ya kukata,” akasema, akarudi kwenye usufi wake.

Niliyashona kwa siku zilizobaki. Vifungo niliviondoa kwa ncha ya sindano, nikavifunga kwenye kitambaa na kumkabidhi Mama Shabani. Mashati niliyalaza katikati, mahali pa usufi, kichwa kwa miguu, kola zikielekea ukingoni ambako mwili haulali, mikono nikaikunja kifuani kama ya mtu aliyesinzia. Uso ulikuwa vipande vya vikwembe vichakavu, vibaya makusudi, asipatikane mwizi wa kuutamani. Mishono ya kupita tabaka tatu niliifanya mirefu, kwa uzi mwekundu uonekane vizuri, ili wa kuifumua asije akatoboa nguo.

Ijumaa shemeji alikuja na wazee. Nilikuwepo, maana jirani huitwa. Walifungua sanduku, hamna kitu.

“Nguo za ndugu yangu ziko wapi?”

“Askari walibebaka yote,” akajibu Mama Shabani.

Nani angebisha, mwaka ule? Shemeji aliketi kitandani kwa uchovu, juu ya mfarishi, akajifuta jasho. Wazee wakasema bila nguo hakuna cha kugawa, na bila cha kugawa matanga yasubiri. Yakasubiri. Mama Shabani alibaki nyumbani mwake, na watoto wakalala na joto. Mimi sikucheka mpaka nilipofika kwangu, na hata hapo nilicheka nikiwa na machozi.

Niliendelea na kazi hadi macho yaliponikatalia tundu la sindano. Madamu Direktrisi alikwisha hamishwa, na fuaye ikaongozwa na wasichana niliowafundisha. Sikosi kitu. Najua kazi yetu ilikuwa ndogo, na watoto wengi tuliowashonea hawakukua. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa kutaka kusikitikiwa.

Mwaka huu Mama Shabani alinijia na ule mfarishi. Uso alikwisha ubadilisha mara kadhaa, lakini ndani hapajaguswa. Shabani anaoa, akasema, na amefikia kimo cha baba yake. Nilimwita mjukuu anitungie uzi, nikafumua kwa kupapasa. Shati la kwanza likatoka zima, mikunjo tu. Tulishona vifungo tukiwa wawili, vilevile nilivyomkabidhi.

“Na haya matatu mengine?” nikamwuliza. “Nitoe yote?”

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

“Hapana, yaya. Rudisha, ushone. Mwenyewe atavaa nini akirudi?”