Adolf, Mawese na Mteremko wa Kabuye

Adolf ndiye aliyeomba ile njiapanda itengenezwe. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi wapo wanaomwita mpinga maendeleo, na nikisikia hivyo damu inanichemka. Mdogo wake, Leonardi, aligongwa na lori palepale Kabuye, njia ya vumbi ya vijijini inapoingia barabara kuu ya kwenda Kigoma mjini. Tangu siku hiyo Adolf hakukosa mkutano hata mmoja wa kijiji. Anasimama, anavua kofia, anadai matuta na taa.

Kazi yake ni kubeba mawese. Mwaka wa kumi na tisa huu anayatoa vijijini na kuyapeleka soko la Mwanga kwa baiskeli, madumu manne ya lita ishirini kila safari. Kabla ya barabara kuu kuna mteremko mrefu, na kwa mzigo ule breki ni pambo tu. Wabeba mawese hukandamiza tairi kwa soli ya katambuga, vile viatu vya mpira wa tairi, halafu wakifika chini hukata kushoto na kupanda mwinuko wa udongo uliokuwa pembeni ya njiapanda. Ni kifusi tu walichokiacha wajenzi wa zamani, lakini ndicho kilichosimamisha kila baiskeli iliyotoka juu. Mimi nashona nguo hatua chache kutoka pale. Nimewaona wakisimama hapo maelfu ya mara.

Hatimaye ombi lilikubaliwa, na mhandisi wa barabara alipoleta michoro yake, Adolf alimshika mkono akampeleka hadi kwenye kifusi.

"Bwana mhandisi, tengeneza vyote, ila huu udongo tuachie. Hapa ndipo tunaposimamia."

Mhandisi alicheka kistaarabu. Akasema wamehesabu vyombo vya moto siku tatu mfululizo na kila kitu kimo kwenye mchoro. Vyombo vya moto! Baiskeli za mawese zilipita mbele ya macho yao siku zote tatu, na hakuna aliyezihesabu.

Tulipata taa, matuta na kisiwa cha zege katikati. Magari sasa yanapunguza mwendo, hilo sitalikana. Lakini kifusi kilisawazishwa kwa siku moja, na mahali pake pakajengwa mtaro unaofika kiunoni. Wabeba mawese wakaanza kushuka kwa miguu, wakizivuta baiskeli kwa nyuma kama mtu anayezuia ng'ombe mkaidi. Wiki ya pili mvua ilinyesha. Adolf aliteleza, mzigo ukamburuta hadi chini, na mbele yake basi lilikuwa linapita. Akaielekeza baiskeli mtaroni.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, mawese yametapakaa kwenye zege, naye ananiuliza kama kuna dumu lolote lililopona.

Aliandika barua kwa ofisi ya barabara kuomba udongo urudishwe. Baada ya miezi miwili akaja ofisa mwenye fomu. Adolf alikuwa amemsubiri kibarazani kwangu tangu asubuhi, magongo mapajani, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee. Gari gani lilikugonga?"

"Marahaba. Hakuna gari. Nililikwepa basi."

"Pikipiki?"

"Hakuna, mwanangu. Niliingia mtaroni. Hapo palikuwa na udongo wa kutusimamisha."

"Basi hiyo si ajali ya barabarani, mzee. Hiyo ni kuanguka."

Akaandika sifuri penye idadi ya ajali. Nilimwambia aandike vizuri, tena kwa sauti iliyomshtua mteja wangu. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi: mchoro haubadilishwi ila pakiwa na ajali, na tangu ukarabati uishe Kabuye haijapata ajali hata moja.

Adolf alinyoosha gongo kuelekea barabarani.

"Kwa hiyo ningeingia chini ya lile basi," akasema, "udongo wetu ungerudi."

Ofisa alimgeuzia fomu na kumwonyesha mahali pa kuweka sahihi.