Mbuzi Mmoja, Majina Mawili

Mwalimu wetu wa kompyuta pale Kinoru alifunga tai hata Jumamosi, na JavaScript, lugha ya kuandikia programu, aliijua kwa kukariri tu. Nasema hivyo nikijua mimi mwenyewe niliishia darasa la nane, kwa hivyo huenda sijui kupima watu. Lakini huyo, nadhani, nilimpima sawa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ofisi moja mjini ilikubali kuniajiri kuchapa barua nikileta cheti cha mwalimu huyo, na nilikosa kupita mtihani kwa alama mbili.

Swali lililoniangusha lilikuwa na alama tano. Kuna objekti, yaani kitu kilichotungwa ndani ya programu, iitwayo mbuzi1, yenye sifa moja, rangi, nayo ni nyeupe. Halafu: mbuzi2 = mbuzi1. Halafu: mbuzi2.rangi = "nyeusi". Sasa rangi ya mbuzi1 ni gani? Nilijibu nyeusi. Yeye akasema ni nyeupe, kwa sababu mbuzi2 ni nakala.

"Mwalimu, hapo hakuna mbuzi wawili," nilimwambia. Kwetu, kule chini Embu, mtu huweka mbuzi wake kwa rafiki amchungie. Rafiki akipata wageni husema ni wake, na mimi nikiwa kwangu nasema ni wangu. Akimkata sikio, ni mbuzi wangu amekatwa sikio.

"Wewe mchunga mbuzi, hii ni kompyuta," akasema. Waliobaki darasani wakacheka.

"Basi tuiulize yenyewe."

Tukaiandikia. Kisanduku kikatokea kwenye skrini: nyeusi. Akazima mashine, akawasha, akajaribu tena. Nyeusi.

"Hii imeingiwa na virusi," akasema, uso mkavu kabisa.

Nisimwonee. Alinifundisha kuchapa kwa vidole vyote kumi, na notisi alizopewa zilikuwa fotokopi zenye kurasa zilizopotea. Ila asiyejua angekaa asome. Yeye alinyoosha tai.

Wenzangu walipotoka aliniita kando. "Za swali lile nitakuongezea, ndugu yangu. Lakini hayo maneno ya mbuzi yaishie hapa."

Mama mmoja wa Laare, jirani yangu wa dawati, alikuwa ameandika nyeusi pia. Alianguka kwa alama moja, na matokeo yaliposomwa tu akaondoka kuwahi gari.

"Sawa, mwalimu," nikasema.

Cheti nilikipata. Laare si mbali, lakini sikuenda kumwambia yule mama kwamba alikuwa amepita.