Bingwa Aliyenilaza Nikabaki Macho

Nilisikia kisu kikiingia shingoni mwangu, na sikuweza hata kupepesa kope.

Kila mtu chumbani aliamini nimelala fofofo.

Mimi naitwa Eladio, mwamuzi wa besiboli hapa mjini San Pedro de Macorís. Asubuhi ile mpira ulinipasua uso, ngao yangu ya uso ikaruka, taya likavunjika pande mbili. Ulimi ukavimba, hata mate nikashindwa kumeza.

Hospitalini nikakabidhiwa kwa Daktari Valdemiro, bingwa wa nusukaputi.

Bingwa! Jitu linalojimwambafai hata mbele ya kioo.

Nesi Fior akamwambia, "Dokta, mdomo haufunguki hata kidole kimoja. Si tupitishe mrija wa hewa puani akiwa macho?"

"Nimeanza kulaza watu wewe bado unanyonya. Lete sindano!"

Akachoma.

Dawa ya kulegeza misuli ilinikamata barabara. Ya usingizi ikapita juu juu, ikayeyuka. Nikabaki macho ndani ya mwili uliokufa. Kifua kimegoma. Hewa hakuna.

Akajaribu mrija mdomoni. Damu. Akajaribu tena. Damu zaidi. Akanibana barakoa ya hewa, haikukaa kwenye taya lililopinda.

"Dokta, anabadilika rangi!"

"Nyamaza! Najua ninachofanya!"

Hakujua lolote. Sauti yenyewe ilikuwa inatetemeka.

Fior akafungua mlango, akapiga ukelele. "Dokta Nereida! Mgonjwa anatufia!"

Viatu vikaja mbio. Sauti ya mwanamke, tulivu kabisa: "Sogea, Valdemiro. Nipeni kisu."

Moto shingoni. Kisha hewa. Kisha giza.

Siku mbili baadaye niko wodini, meno yamefungwa kwa waya. Mke wangu Yocasta kamshika yule bwege Valdemiro mikono yote miwili, analia kwa shukrani.

"Ilibidi nimtoboe koo mwenyewe, mama," jamaa anasema, kidevu juu. "Mwingine angempoteza."

Nikaomba kalamu kwa ishara. Nikaandika, Yocasta akasoma kwa sauti:

"Niitie Nereida nimshukuru. Huyu alikuwa anatetemeka tu."

Akamgeukia daktari. "Nereida ndiye nani?"

Uso wa bingwa ukasawijika. "Ndoto za dawa hizo, mama."

Fior alikuwa anabadilisha dripu. Hakuinua hata macho. "Ndoto gani, dokta, inayomjua mtu ambaye mgonjwa hajawahi kumwona?"

Jamaa akatoka bila kuaga.

Ndugu zangu, ukivunjika taya, uliza hewa itapitia wapi kabla hujalazwa. Huwezi kusema? Andika. Na wewe bingwa wa mdomo, chunga unachoropoka mbele ya mgonjwa aliyenyamaza.